Msimu Judica Aliokaa Chini

Jumatatu, 5 Mei

Ukungu tangu asubuhi. Hata zizi silioni kutoka mlangoni.

Judica ameshinda mbio za kata. Mita elfu moja na mia tano, na yule wa pili alikuwa bado anakuja wakati mwanangu ameshavaa sweta. Sasa anakwenda wilaya, na akipita wilaya anakwenda mkoa. Mwalimu Evarist, yule wa michezo shuleni kwao, alimleta mwenyewe mpaka nyumbani. Akasema, "Mama Judica, huyu mpe maziwa. Mengine niachie mimi."

Anasema mkoani wanakuja watu wa sekondari moja ya bweni inayochukua watoto wa michezo. Wanakaa pembeni, wanaangalia. Wakimpenda mtoto, akimaliza la saba wanamchukua. Mimi niliishia la saba. Nilikaa nje baada ya mwalimu kuondoka, nikawa naisema ile "wanamchukua" mdomoni kama pipi.

Baba Judica yuko Nangwa, amekodi shamba la alizeti, hatarudi mpaka avune. Hapa Daudi tumebaki mimi, Judica, mdogo wake Fransiska wa miaka mitatu, na mama mkwe wangu, Bibi Gaudensia. Naandika humu ili akirudi nimsomee, maana kwenye simu mtandao unakata kabla hujamaliza salamu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Kazi.

Ijumaa, 9 Mei

Judica amerudi mazoezini jioni, akakaa kwenye kigoda akawa anasugua mguu wa kulia, hapa mbele kwenye ugoko. Nikamuuliza vipi.

"Hamna, mama."

"Hamna, na unasugua?"

"Unawasha tu."

Bibi akaleta samli na kitambaa cha moto, akamkanda. Bibi ana mikono kama koleo. Judica aliuma upindo wa sweta, hakulia. Bibi akafurahi. "Huyu ni wa kwetu. Mguu ukilalamika unaukimbiza, unanyamaza wenyewe."

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi alipoinuka kitandani alichechemea mpaka kwenye geti. Baada ya geti akakimbia vizuri. Anasema ukipata moto hauumi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimechoka. Maharage ya juu yameanza kukauka na ya chini bado mabichi, kwa hiyo ni kung'oa hapa, kuruka pale. Mwalimu Evarist kaongeza mazoezi: asubuhi kabla ya namba za kuingia shule, na jioni kupanda mlima kwa kasi na kushuka kwa kasi. Ukijumlisha kwamba shule iko bondeni na sisi tuko juu, huyu mtoto kutwa nzima yuko kwenye mteremko.

Nilimwambia mwalimu habari ya ule mguu. Akasema, "Ni maumivu ya kukua hayo, mama. Mimi mwenyewe uliniuma hivyo hivyo, nikaupita." Jioni Judica akaniambia, "Mama, leo umeuma hata baada ya kupata moto." Nikamwambia vumilia kidogo, wilaya imekaribia. Akasema sawa. Huyu mtoto anasema sawa haraka mno.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani kila mtu anamshika Judica bega. Mmoja kaniambia, "Mbio zetu hizo." Zetu. Huku mtoto akikimbia vizuri anakuwa wa kijiji kizima, kama josho.

Alhamisi, 22 Mei

Leo naandika mengi ingawa macho yanajifunga.

Nilienda mjini Mbulu kuangalia mashindano ya wilaya, Fransiska mgongoni. Judica alikimbia peku. Mzunguko wa kwanza alikuwa mbele, wa pili mbele, mimi napiga vigelegele mpaka koo limekauka. Wa mwisho nikaona bega la kulia linashuka kila akikanyaga. Msichana mmoja wa upande wa Dongobesh akampita karibu na kamba. Judica wa pili. Wawili wa kwanza ndio wanaokwenda mkoa, kwa hiyo watu wakashangilia, mwalimu akamwinua juu.

Alipowekwa chini nikamwona anatembea kama mtu aliyekanyaga moto na hataki mwenye nyumba ajue. Akazunguka nyuma ya lori lililoleta viti. Nikamfuata. Amekaa chini ameshika ugoko kwa mikono miwili, jasho la uso limechanganyika na machozi.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Judica."

"Hauumi, mama. Nimechoka tu."

Nikapitisha kidole gumba kwenye ule mfupa polepole, kutoka juu. Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu nikafika sehemu moja, ndogo kama punje ya harage, akaruka akanipiga mkono. Hajawahi kunipiga tangu azaliwe. Tukatazamana. Nikamwambia, inuka, hospitali si mbali.

Mwalimu Evarist akasema, "Mama, kesho basi, leo tuna picha ya pamoja." Nikasema picha itapigwa bila yeye.

Tukapokelewa na daktari wa kike, kijana, kavaa hijabu ya bluu. Dokta Raudha. Judica akamwamkia, "Shikamoo dokta," naye, "Marahaba bingwa, nani kakuumiza?" Akamwambia asimame, aruke kwa mguu wa kushoto peke yake. Akaruka. "Sasa wa kulia." Judica akainua kisigino, akakishusha. Akaniangalia mimi, si dokta. Hakuruka.

Picha ya mfupa haikuonyesha kitu. Nikafurahi, lakini dokta hakufurahi. Akasema mwanzoni picha mara nyingi hainasi ufa. Akanieleza kwa mpini wa jembe. Mpini haukatiki kwa pigo moja. Unalimia leo, unalimia kesho, ndani panaanza ufa mwembamba kama unywele, kwa nje bado unang'aa. Mfupa una faida moja kuliko mpini, ukiuacha unajiziba wenyewe. Mifupa ya mtoto bado inakua, ndiyo maana kazi moja ikirudiwa kila siku bila kupumzika inaichosha kabla haijajijenga. Watoto wa visigino wanaletwa, wa magoti wanaletwa, huyu ni wa ugoko. Akasema na kukanda kwa nguvu tuache.

"Apumzike, asikimbie. Mrudishe kabla ya hayo mashindano ya mkoa, nimwone. Akizidiwa mlete siku hiyo hiyo."

Akampa dawa kidogo za maumivu, akanikataza nisimpe ili akakimbie.

Ijumaa, 23 Mei

Mwalimu hakupenda, lakini kakubali. "Apumzike, akija mkoani atakuwa na nguvu mpya." Bibi kanuna kuhusu kukanda. Anasema yeye kakanda watu kabla hospitali haijapakwa rangi.

Jumatano, 28 Mei

Judica hakimbii. Kwa kuwa hana mazoezi, jioni anapata nafasi ya kunisaidia. Kachota maji, kafuata ng'ombe bondeni. Nimeshukuru Mungu, mgongo wangu umekwisha.

Jumamosi, 31 Mei

Kutwa tumepura maharage kwenye turubai. Judica amepiga fimbo kuliko mimi, na mengine ameyakanyagakanyaga kwa miguu huku anaimba. Nikamwambia, unaona kupumzika kulivyo kuzuri? Akacheka.

Jumanne, 3 Juni

Bado anachechemea. Anasema halali vizuri, ule mguu unamgongagonga ndani. Mbona amepumzika?

Simu ya Baba Judica imeshika leo. Nilipomweleza akasema, "Mama Judi, hospitali ni hospitali, lakini huyo mtoto ana bahati yake. Msije mkaifungia ndani." Halafu ikakata.

Jumamosi, 7 Juni

Shule imefungwa. Asubuhi Mwalimu Evarist amekuja, kavaa trakisuti yake ya kijani iliyopauka magotini. Alikimbia zamani, alifika mbali kidogo, watu bado wanasimulia. Tulimpa chai. Akamwangalia Judica anavyotembea, akatikisa kichwa.

"Mguu umelala, mama. Mguu wa mkimbiaji ukikaa unalala. Tuuamshe taratibu, mbio za polepole tu, nitakuwa naye."

Bibi akadakia, "Nilisema mimi!"

Nikajiuliza, dokta alisema apumzike, amepumzika, haijasaidia. Sasa nimwamini nani? Nikamtazama Judica. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikasema haya, lakini taratibu.

Nilisema mimi mwenyewe. Naandika hivyo ili Baba Judica ajue.

Walipanda hadi kwenye mikaratusi. Kurudi, mwalimu alikuwa amembeba mgongoni, na uso wake mwalimu ndio uliokuwa wa kijivu. Judica hakuwa analia. Alikuwa amekodoa macho. Hawezi kukanyaga. Usafiri wa kushuka mjini umepatikana wa Jumatatu tu, kesho ni Jumapili na barabara iliyokatika pale darajani bado inatengenezwa. Nimemlaza, mguu juu ya mto. Bibi alikuja na samli yake, nikamzuia mlangoni. Sijawahi kumzuia mama mkwe mlangoni.

Jumatatu, 9 Juni

Dokta Raudha alimpokea mwenyewe kwenye benchi. Hakugomba. Alipiga picha nyingine kwanza, ndipo akaniita ndani.

"Mama Judica, si tulisema apumzike?"

"Amepumzika, dokta. Jumamosi ndiyo alikimbia kidogo tu, lakini kabla ya hapo hajakimbia hata siku moja. Mungu ni shahidi."

"Nisimulie siku yake moja. Tangu anaamka."

Nikamsimulia. Anaamka, anachota maji kisimani, anapandisha ndoo. Anakwenda shule, anarudi. Anafungulia ng'ombe, anashuka nao korongoni, anapanda nao. Jumamosi anapura maharage.

"Anapura kwa fimbo?"

"Na kwa miguu, yale ya mwisho mwisho."

"Na ng'ombe wanatulia tu?"

"Wanatulia. Isipokuwa yule ndama mweupe, huyo ni mtoro."

"Akitoroka?"

"Judica anamkimbiza."

Nilipolisikia neno likitoka kinywani mwangu nikaweka mkono mdomoni. Dokta akainamisha uso. Mabega yake yalitikisika, sikujua kama anacheka au analia, nadhani na yeye hakujua. Judica pale kitandani akasema kwa sauti ndogo, "Lakini dokta, huko si kukimbia. Ni kuchunga." Hapo tukacheka wote watatu, na mimi nikaishia kulia.

Dokta akasema, "Na mimi nina kosa langu. Nilisema apumzike, sikuuliza kwenu kupumzika ni nini. Na mimi nimekulia Dongobesh, nilipaswa kujua."

Akaweka picha kwenye taa. Safari hii hata mimi niliona. Ule mfupa mweupe, na ubavuni mwake mstari mwembamba mweusi, umeingia kama kucha ilivyokwaruza. Pembeni ya mstari kuna kaukungu keupe. Akasema kale kaukungu ni mfupa unajaribu kujiziba wenyewe, tunaubomoa, unajaribu tena. Mstari ukivuka ng'ambo, mfupa unakatika, na hapo ni kupelekwa mbali kufungwa vyuma, na mguu unaweza usirudi kama ulivyokuwa. Ukiachwa, utapona. Watoto wanapona vizuri.

"Kwa hiyo mkoa?" nikauliza. Najua lilikuwa swali la kijinga.

"Mama, mkoa hapana. Na ndoo hapana. Ng'ombe hapana, kupura hapana. Anakaa. Namaanisha makalio kwenye kiti."

Akampa magongo mawili, akamfundisha kutembea nayo pale koridoni. Akamwambia anywe maziwa, ale dagaa, maharage, mayai yakipatikana, na akae juani. Halafu akapiga goti, akamwambia yeye mwenyewe, si mimi, "Judica, mimi sijakwambia uache kukimbia. Nimekwambia subiri. Na kazi yako wewe ni moja tu, ukiulizwa kama panauma, sema kweli. Hakuna eksirei inayonishinda kama mtoto anayesema haumwi."

Judica akasema sawa.

Jumanne, 10 Juni

Maji. Ng'ombe. Maharage. Fransiska ana mafua. Bibi anasema mtoto mzima kukaa kitako kama bibi harusi wakati wa mavuno, hajawahi kuona.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nilipopandisha ndoo ya tatu nilikaa nayo katikati ya njia. Sikuwa nimeanguka. Nilikaa tu. Nikawaza, hizi kazi zilikuwa zinafanywa na mtoto wa miaka kumi na miwili, na jioni akakimbia mlima, na mimi nikamwambia vumilia.

Judica haongei. Anachambua maharage kwenye ungo, mazuri huku, mabovu kule, hainui uso.

Jumatatu, 16 Juni

Mwalimu Evarist amekuja jioni. Kesho wanaondoka kwenda mkoani. Hakukaa, alisimama uani na kofia mkononi.

"Mama Judica, nimewaza sana. Tutamfunga bandeji ngumu. Kuna dawa ya maumivu, akimeza kabla hasikii kitu. Ni mbio moja. Wale watu wa sekondari wakishamwona, akirudi akae hata mwaka."

"Na ule mstari?"

"Nimewahi kukimbia na mguu mbaya kuliko huo."

"Mwalimu, na sasa unakimbia?"

Sikukusudia kumwumiza, lilitoka. Akageuza kofia, akaigeuza tena. Akasema polepole, "Sasa nafundisha."

Bibi alikuwa jikoni anasikiliza, kijiko hakigongi sufuria. Simu ikalia, ni Baba Judica; mwalimu alikuwa ameshampigia kumweleza. "Mwachie mtoto aamue," akasema. Nikageuka, Judica alikuwa amesimama mlangoni bila magongo. Bila magongo! Ameegemea mlango, mguu wa kulia umegusa chini.

"Mama, hauumi tena. Kweli tena. Naweza."

Nilitaka sana kumwamini. Nataka liandikwe hilo. Nilimwona kwenye sare ya sekondari, nimeiona hata rangi. Mwanangu kwenye kitanda cha bweni, hana ndoo, hana ndama, anaamka anakula mkate. Na mtu wa kumpeleka huko alikuwa mbele yangu, na gari ni kesho.

Nikamwendea, nikapiga magoti, nikaweka kidole gumba pale pale. Sikubonyeza. Nikaweka tu. Nikamtazama machoni nikasema, "Nibonyeze?"

Akautazama mkono wangu. Akasema, "Usibonyeze, mama."

Nikasimama, nikamwambia mwalimu, "Haendi." Kwenye simu nikamwambia baba yake, "Haendi, Baba Judica, na ukitaka kugomba njoo ugombe hapa, maana kuna maharage ya kubeba." Nikakata mimi, siyo mtandao.

Mwalimu akavaa kofia. "Umemnyima bahati yake, mama."

"Labda," nikasema. Nikayachukua magongo, nikampelekea Judica.

Jumanne, 17 Juni

Gari limepita na watoto wakiimba. Lilipunguza mwendo kwenye geti letu. Judica alijifunika blanketi kichwani.

Ijumaa, 20 Juni

Haongei na mimi. Anamwambia Fransiska, "Mwambie mama chumvi imeisha."

Baridi kali. Vidole vyangu vimepasuka, nikishika kalamu inateleza kwa mafuta.

Jumanne, 24 Juni

Wamerudi. Yule aliyekwenda badala ya Judica kawa wa nne. Watu wa sekondari wamechukua jina la yule wa Dongobesh. Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika. Mmoja akasema, si kwa ubaya, "Angalau angejaribu." Nikajitwisha ndoo.

Jumapili, 29 Juni

Leo kimetokea kitu. Baada ya kanisa niliwafungulia ng'ombe, nikakuta Bibi Gaudensia kavaa mabuti ya mwanawe, shuka begani, redio ndogo shingoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Si mmenifanya mtoto wa darasa la sita? Nakwenda kuchunga."

"Mama, miguu yako..."

"Miguu yangu imeshakua. Dokta wenu si anasema wanaoumia ni wale wanaokua?"

Akampita Judica pale juani, akamgonga kichwani kwa fimbo, kidogo. "Na wewe, kale kandama kakinitoroka nakauza, utalia vizuri."

Judica akacheka. Kicheko cha kwanza tangu gari lilipopita. Halafu, bila kuniangalia, akasema, "Mama, nisogezee ungo." Mimi, si Fransiska.

Nilidhani namjua yule mama.

Ijumaa, 4 Julai

Bibi kapoteza ndama, kampata, kamtukana kwa Kiiraqw mpaka majirani wakatoka.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Nilikuwa nimepanga kumbeba Judica kushuka, na nilikuwa sijui kama nitaweza. Saa ya kuondoka nikasikia pikipiki kwenye geti. Mwalimu Evarist. Hakushuka, hakuzima. "Shikamoo Bibi," akamwamkia Bibi. Mimi akaniambia, "Magongo ayashike kwa mbele, yasiguse tairi." Wakaenda. Jioni akamrudisha. Hajasema atakuja kesho.

Jumatano, 9 Julai

Amekuja.

Jumamosi, 12 Julai

Baba Judica amerudi na alizeti. Nilimsomea haya yote, hata yale yanayomhusu. Nilipofika kwenye simu ya tarehe kumi na sita alitazama mikono yake. Akasema, "Sijawahi kumwona huyu mtoto amekaa. Nimefika leo nikamkuta amekaa, nikashtuka kama nimeingia nyumba siyo." Kesho anakwenda kuazima punda wa maji.

Jumatatu, 21 Julai

Hospitali. Mstari umefifia, kale kaukungu kamekuwa kagumu, kameuzunguka mfupa kama fundo la muwa. Dokta Raudha kasema magongo yaachwe polepole, kwanza kutembea kwenye tambarare. Kukimbia bado, mpaka mwezi ujao, na kidogo kidogo: kutembea, kukimbia polepole, kutembea, kwenye majani, siyo barabarani, siyo mteremkoni. Siku moja mazoezi, siku inayofuata hapana. Pakianza kuuma anasimama.

Mwalimu Evarist alikuwa amekuja na sisi. Alikuwa na watoto wengine wawili wa shule, mmoja wa goti, mmoja wa kisigino. Amekaa nao kwenye benchi kama mzazi. Nilikuwa nimemkasirikia tangu Juni, na pale nikaona siwezi kuendelea. Alimwuliza dokta, "Huyu wa kisigino, nikimpunguzia kupanda mlima itatosha?" Akauliza tena mpaka akaelewa.

Jumanne, 5 Agosti

Mahindi. Sina mgongo. Judica anatembea mpaka kanisani na kurudi bila kuchechemea. Nikimwuliza anafikiri kwanza, ndipo anajibu.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo ndiyo siku aliyoruhusiwa kukimbia mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule, upande wenye majani. Niliacha mahindi. Baba yake aliacha mahindi. Bibi alisema haji, akaja. Na watoto walikuwepo wengi tu, maana huku huwezi kukimbia peke yako.

Alitembea kwanza. Halafu akaanza, polepole, na jamani, ule mwendo. Nilikuwa nimeusahau. Bega halikushuka hata mara moja. Watoto wakaanza kupiga makofi, mmoja akapiga kelele, "Ongeza, Judi, ongeza!" Nikaona naye anataka kuongeza, shingo ilirefuka. Moyo wangu ukaongeza kabla yake.

Kabla hajafika kwenye goli la mbali, akapunguza. Akasimama. Watu wote wanamwangalia, na yeye akainua mkono juu kama yuko darasani.

"Mwalimu, hapa panaanza."

Mwalimu Evarist akamwendea kwa haraka, na mimi nikafika kabla yake, sijui kwa miguu gani.

"Panauma sana?"

"Hapana, mama. Kidogo tu. Nimesema mapema."

Mwalimu akachutama, akamtazama usoni, siyo mguuni. Akasema, "Vizuri sana. Basi kwa leo," kwa sauti ileile anayotumia kwa washindi. Akawageukia wale watoto wa makofi, "Mmesikia alivyosema? Kila mtu aseme hivyo."

Judica akaketi kwenye majani, akanyoosha miguu yote miwili mbele. Nilikuwa na mahindi ya kuingiza kabla ya jioni. Nikakaa naye mpaka alipotaka kuinuka.